Dari ya Kobe

Katika gari la zamani, cha chuma chukua chakavu, cha nguo nunua kipya. Ndilo jibu ninalompa kila anayechungulia ndani ya Volkswagen ya marehemu mjomba akauliza dari ile nimeipata wapi. Anayeuliza huwa tayari ana gari lake, na ameshaambiwa na mtu kwamba dari ni kazi ya asubuhi moja: sponji, gundi, basi. Mimi hiyo sponji nimeshaiona ilivyo baada ya miaka. Imenimwagikia kichwani.

Gari lenyewe ni Beetle ya 1967, lile la mgongo wa mviringo ambalo watoto wa mtaani kwetu Ngamiani, Tanga, walilibandika jina la Kobe na jina likaganda. Mjomba alilitumia enzi zake za ualimu, akastaafu nalo, mwishowe akalifunika turubai uani. Lilipokuja mikononi mwangu injini haikuwa na neno. Volkswagen hizi hupozwa kwa upepo, hazina rejeta ya kuvuja wala maji ya kuchemka, na fundi yeyote wa makamo pale Tanga amewahi kuifungua moja. Breki zilihitaji kazi, matairi yalihitaji pesa. Hayo yote yana wataalamu wake na sina la kuongeza.

Tatizo lilikuwa juu. Ukifunga mlango kwa nguvu, unga wa kahawia unadondoka begani. Kitambaa cha dari kilikuwa kimelegea hadi kikafika usawa wa paji la uso la dereva. Mjomba alikuwa amekibana kwa pini za ofisini, na huku nyuma kwa plasta nyeupe za hospitali. Nilipoingiza kidole na kuvuta, kikashuka chote bila ubishi. Nyuma yake palikuwa na sponji nyembamba, au kitu kilichowahi kuwa sponji, maana ukikigusa kinageuka unga unaonata vidoleni. Juu ya hapo bati tupu lenye mabaka ya gundi.

Hiyo haikuwa dari ya kiwandani. Kuna fundi, miaka hiyo, aling'oa ya asili akabandika kile kitambaa chenye mgongo wa sponji kinachotumika kwenye magari ya siku hizi. Simlaumu sana. Alipewa gari aezeke kwa bei ya chini, akaezeka. Ila katika magari ya siku hizi kitambaa hicho hubandikwa juu ya ubao mgumu uliofinyangwa kwa umbo la paa, si juu ya bati lenyewe linaloanza kuchomwa na jua la Tanga saa mbili asubuhi. Na sponji ya namna hiyo ina maadui wawili, joto na unyevu. Mvuke ulio hewani huvunja taratibu viungo vya kemikali vinavyoishikilia, na joto huiharakisha kazi hiyo. Sisi watu wa pwani tunavyo vyote viwili mwaka mzima. Ndiyo maana hata gari lililoshuka bandarini likiwa safi, likilala juani miaka michache, dari yake inaanza kulegea, na mara nyingi inaanzia upande wa nyuma karibu na kioo.

Dari ya asili ya Beetle imetengenezwa kwa akili nyingine kabisa. Haibandikwi kwenye paa. Inaning'inia kama hema: kitambaa kimeshonwa vipande vipande, na kwenye kila mshono unaokatiza kutoka mlango hadi mlango, upande usioonekana, kuna mfereji mwembamba wa nguo. Ndani ya mfereji unapita waya mnene wa chuma uliopindwa kwa umbo la paa, na ncha zake mbili zinaingia kwenye matundu yaliyo juu ya milango, huku na huku. Waya ndizo zinazobeba. Gundi inashika kingo tu: mbele chini ya raba ya kioo kikubwa, nyuma chini ya raba ya kioo cha nyuma, pembeni kuzunguka milango na vioo vidogo. Kati ya bati na kitambaa inabaki nafasi ya hewa, na nafasi hiyo ndiyo inayokukinga na joto la paa. Hakuna sponji ya kuoza. Dari ya namna hiyo ikianza kuchoka, kinachochoka ni kitambaa, na kitambaa hubadilishwa.

Kwa hiyo nilijua ninachotaka. Shida ikawa moja: waya hazikuwepo. Aliyebandika sponji alizitoa, maana kwake hazikuwa na kazi, na waya za chuma zilizopindwa vizuri hazikai bure nyumbani kwa mtu. Labda ziliishia kwenye mizani ya skrepa, labda mtu aliezekea banda. Na hizi huwezi kumwambia fundi wa kuchomelea akupindie kwa macho tu. Kila waya ina urefu wake na mpindo wake, kwa kuwa paa la Beetle halina sehemu mbili zinazofanana: mbele ni pana na bapa, nyuma linashuka na kubana. Waya ikizidi sentimita moja, kitambaa kinasukumwa hadi kinagusa bati. Ikipungua, haisimami, inalala.

Nilianza na Gerezani, Dar es Salaam, kwa sababu kila mtu huanza na Gerezani. Pale utapata taa ya gari lolote uliloliona barabarani jana. Ukitaja Volkswagen ya 1967, vijana wanakuita mzee kabla hujafika umri huo. Jamaa mmoja alinitolea vibao vya kukingia jua vya gari jingine kabisa akaniapia ni vyenyewe, "vinahitaji kukatwa kidogo tu, braza". Niliondoka na skrubu za kichwa cha mviringo na chupa ya maji.

Vitu vya gari hili haviko mjini tena. Viko kwenye vijiji na miji midogo ya baridi ambako Beetle zilipelekwa na walimu, matabibu wa misheni na mabwana shamba, zikafia hukohuko, na hakuna aliyeona sababu ya kuzishusha. Sisi jirani zetu ni Usambara. Ukipanda kutoka Mombo kwenda Soni na Lushoto, uliza kwa wazee tu, usiulize gereji. Na chuma cha kule hakijaliwa na chumvi ya bahari. Mvua inakinyeshea, kutu ipo, lakini siyo ile kutu ya Tanga inayotafuna bati kwa ndani ukiwa unaliona zima kwa nje.

Kabla sijaendelea, jambo moja la kukuokolea nauli. Usiamini kadi ya gari wala kumbukumbu ya mwenye gari. Inua kiti cha nyuma uangalie namba ya chasisi iliyogongwa kwenye mgongo wa chuma unaopita katikati ya sakafu. Beetle zilizotoka kiwandani kabla ya Agosti 1964 zilikuwa zimefikia namba za tarakimu saba. Kuanzia Agosti 1964 namba ikawa ya tarakimu tisa, na tarakimu ya tatu inakwambia mwaka wa modeli: 115 ni 1965, 116 ni 1966, 117 ni 1967. Modeli ya Volkswagen ilianza Agosti ya mwaka uliotangulia, kwa hiyo 117 inaweza kuwa gari lililounganishwa mwishoni mwa 1966. Umuhimu wake kwa dari ni huu: Agosti hiyohiyo ya 1964 kiwanda cha Volkswagen, Wolfsburg, Ujerumani, kiliongeza ukubwa wa vioo vyote. Kioo cha mbele kilipandishwa, cha nyuma kikatanuliwa, na vya pembeni vivyo hivyo. Dari iliyokatwa kwa vioo vidogo haiwezi kuvaa vioo vikubwa hata ukiiomba.

Gofu la kwanza la Beetle nililoonyeshwa lilikuwa chini ya Lushoto, limeegemea mparachichi. Zuri mno. Dari nzima, waya zote ndani, hata taa. Nikainua kiti: tarakimu saba. Mwenyewe alishangaa kuona mtu aliyepanda mlima kutafuta Volkswagen anaikataa Volkswagen. Sikutaka kubahatisha, nikashukuru, nikanywa chai, nikashuka.

La pili lilikuwa jirani na Soni, nyuma ya nyumba ya mzee mmoja, na kuku walikuwa wanaingia na kutoka kupitia mahali palipokuwa na mlango.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umefuata kuku au umefuata gari?"

Nikamwambia nimefuata dari. Akacheka hadi akakaa. Injini alishaiuza, magurudumu yalishakwenda kwenye mkokoteni, na bodi aliiacha kwa sababu kuku waliipenda. Namba ikaanza na 116. Gari la 1966, vioo sawa na vyangu, paa sawa na langu. Kitambaa cha dari kilikuwa kimekauka na kupasuka, kinanuka panya, lakini ukipapasa kwa chini unazihisi waya zimesimama mahali pake zote.

Bei ndiyo iliyochelewesha. Mzee alikuwa na hoja kwamba hili si gari la hivihivi. Volkswagen ilishinda mbio za magari za Safari mwaka 1954, ikashinda tena 1957, ikarudia 1962. "Unajua hilo?" Nikasema najua, mzee, ila si hii. Akakubali kwamba si hii. Tukakubaliana bei, na juu yake wavu wa kuku, maana nikiondoa vioo vya pembeni ili nifikie kingo za dari, paka wataingia. Wavu niliuona ni haki yake kabisa.

Hapa ndipo kazi ilipoanza kuwa na ladha. Mtu anayetoa vipuri kwenye gofu ana tabia ya kuvuta na kukimbia. Dari haitaki hivyo, kwa sababu nusu ya unachokichukua ni habari. Kabla ya kugusa kitu nilipiga picha kila kona, kisha nikapima kutoka ukingo wa juu wa kioo cha mbele hadi waya ya kwanza, kutoka hapo hadi ya pili, hadi nyuma kabisa, nikaandika kwenye daftari. Kila waya nikaizungushia plasta ya karatasi yenye namba kuanzia mbele, na upande wa kushoto nikaweka alama, kwa sababu waya ikishatoka garini huwezi kujua kushoto kwake. Nikachukua vibao vya jua na vishikio vyake, kioo cha ndani cha kuangalia nyuma, mikanda ya abiria ya kujishikia, kulabu za koti, taa, na kila skrubu katika kikopo chake. Halafu dari kuukuu yenyewe, taratibu, bila kuichana, nikaikunja kwenye shuka.

Raba za vioo niliziacha. Raba ya zamani hata ikiwa nzima imeshakuwa ngumu, na maji ya mvua yatakuonyesha. Na kitambaa cha gofu, hata kiwe kizuri kiasi gani, usikirudishe juu. Plastiki ya vitambaa hivi hupoteza ule ulaini wake kadiri miaka inavyopita, na inapokauka inasinyaa. Ukiivuta ili ikae sawa inapasuka mshononi, na inapasuka siku umeshabandika kila kitu. Kazi ya kitambaa kuukuu ni kuwa kielelezo.

Nyumbani nilizisugua waya kwa brashi ya waya na msasa hadi zikang'aa. Kujua kama waya imepinda kuna njia rahisi: ilaze sakafuni, chora umbo lake kwa chaki, kisha igeuze upande wa pili uilaze juu ya mchoro uleule. Ikifuata mstari wote, iko sawa. Moja ilikuwa imekaa kando kwa upana wa kidole; nikairudisha kwa goti, kidogo kidogo, nikirudi kwenye chaki kila mara. Kisha zote zikapata rangi nyekundu ya kuzuia kutu, na nyeupe juu yake. Usiruke hatua hii. Waya yenye kutu huandika mstari wa kahawia kwenye kitambaa kipya, na mstari huo hauoshwi.

Fundi niliyempelekea kushona yuko Barabara ya Kumi na Mbili, anashona makochi na turubai, na cherehani yake inatafuna leza, ile ngozi ya plastiki, mbili juu ya nyingine bila kulia. Tulikaa barazani kwake na wembe, tukaanza kufumua dari ya Soni mshono kwa mshono. Kwenye kila kipande tuliandika namba yake na kuchora mshale unaoelekea mbele, kisha tukavuka kila mshono kwa mistari midogo ya kalamu kabla ya kuukata, ili baadaye vipande vijue vilipokuwa vinakutana. Ndani ya upindo, mahali ambapo jua halikufika, kitambaa kilikuwa bado ni rangi ya maziwa. Nje kilikuwa kimegeuka rangi ya chai. Fundi akaushika ule upindo akaupitisha kidoleni, akasema kazi ya hawa Wajerumani inamkera, kwa sababu mishono yote ni sawasawa na hakuna pa kuwalaumu.

Tulipoweka vipande juu ya leza mpya ndipo daftari la vipimo liliponifaa. Kitambaa kuukuu kilikuwa kimesinyaa, kwa hiyo umbali kati ya mfereji na mfereji ulikuwa pungufu ya umbali niliopima garini kati ya waya na waya. Tukafuata vipimo vya gari. Kingo zote tukaziachia nyongeza ya kutosha kukamata kwa mkono mzima, kwani cha kuzidi unakata, cha kupungua unalia nacho.

Kuhusu leza yenyewe, ile ya asili ilikuwa na vitundu vidogo vidogo, na hiyo sikuipata popote. Fundi alipendekeza atoboe kwa sindano bila uzi. Nikakataa. Kitambaa kitakachovutwa maisha yake yote hukianzishii mipasuko mwenyewe. Nikachukua leza nyembamba ya rangi ya maziwa, isiyo na sponji nyuma, yenye mgongo wa nguo inayovutika kidogo pande zote. Unene ndio wa kuangalia dukani: leza ya makochi ni nene mno, haigeuki kwenye kona za nguzo.

Tulibishana kwenye mifereji. Fundi alitaka kuishona kwa leza hiyohiyo ili kazi iwe ya aina moja. Mimi nilitaka marekani, ile nguo ya pamba isiyopaushwa ambayo bibi zetu walishonea mito. Leza ikipata joto inavutika, na mfereji ukivutika waya inashuka na dari inafanya mawimbi. Tena leza hung'ang'ania rangi ya waya, haitelezi, na waya lazima iweze kuteleza wakati unairekebisha. Pamba haivutiki na inateleza. Fundi alishona kwa marekani huku akisema ni kwa sababu mimi ndiye mwenye pesa. Baadaye alikuja mwenyewe kuiona garini, akakaa kiti cha nyuma akitazama juu muda mrefu, hakusema kitu kuhusu marekani.

Kusafisha paa sitakurefushia. Kisu butu, mafuta ya taa ya kulainisha gundi, barakoa puani, na mavazi ambayo hutayavaa tena. Vioo vyote vinne visivyofunguka lazima vitoke: mbele, nyuma, na viwili vya pembeni. Anayekwambia inawezekana bila kutoa vioo atakata kitambaa kwenye ukingo wa raba na kukichomeka kwa bisibisi, nacho kitachomoka. Raba za zamani nilizikata kwa kisu badala ya kuzihangaikia, kioo kikatoka salama. Chini ya raba ya mbele, kwenye kona zote mbili za chini, kutu ilikuwa imeshatoboa. Hapo nilimpisha fundi bodi akate, aunge, apige rangi. Kama nisingegusa dari nisingejua kamwe, na maji yangeendelea kuteremka kwenye sakafu kila masika.

Kupandisha nilisubiri masika yaishe. Sababu ni gundi. Gundi hii ya mpira, ile ya mafundi viatu, unaipaka pande zote mbili, unangoja hadi ukiigusa haikufuati kidole, ndipo unakutanisha. Kimiminika kinaporuka hewani kinapoza uso wa gundi, na hewa ikiwa imejaa unyevu, umande unatua juu yake. Utauona: gundi inakuwa na utando mweupe. Hiyo haitashika, au itashika hadi umalize. Na siku ya jua kali inakauka kabla hujageuka. Chagua asubuhi kavu, gari likiwa kivulini, vioo vikiwa havipo ili harufu itoke. Dari yenyewe iache nje juani kwanza, imetandazwa juu ya boneti, ilainike.

Jambo la kufanya kabla ya dari kupanda, ambalo wengi huja kulikumbuka wakati wanatafuta tundu la kioo kwa msumari: rudisha kila skrubu kwenye tundu lake, iache imechomoza. Kioo cha ndani, vibao vya jua, mikanda, kulabu. Dari ikishakaza utaona vinundu vyenyewe kwa chini. Hapo unapasha msumari moto na kugusa leza mahali penye kinundu. Inayeyuka tundu la mviringo ambalo ukingo wake umejifunga na haliendelei kuchanika.

Nilichora kwa chaki mstari wa katikati kwenye ukingo wa mbele wa paa na wa nyuma, na mstari mwingine mgongoni mwa dari. Waya zikaingia kwenye mifereji kwa namba zake, tukazichomeka kwenye matundu tukianzia nyuma. Kijana wangu alishika upande mmoja, mimi mwingine. Waya ikiingia sawa unahisi inaruka yenyewe na kusimama. Kisha mbele na nyuma: chaki juu ya chaki, kati kwanza, halafu unatanuka kuelekea pembeni, ukibana kwa vibanio vya nguo kila upana wa kiganja. Gundi bado. Unavuta, unabana, unatoka nje unaangalia, unarudi unabadilisha. Vibanio vyote vya mke wangu vilikuwa kwenye Kobe na nguo zikaanikwa uani juu ya michongoma.

Mbele na nyuma zikikubali ndipo unageukia pembeni, na pembeni ndipo mikunjo inapojitokeza, yote karibu na ncha za waya. Ukiiona utadhani hujavuta vya kutosha, utavuta zaidi, itazidi. Kisa chake kiko kwenye mfereji. Mfereji ukifika hadi ukingoni unaishikilia leza kwenye waya, kwa hiyo leza haiwezi kushuka kufuata mviringo wa paa. Unauchana mfereji kidogo mwishoni, upana wa ukucha, unavuta leza, unaangalia mkunjo. Umepungua, haujaisha. Unachana ukucha mwingine. Mkunjo unaondoka mbele ya macho yako. Tulikwenda hivyo waya kwa waya, kushoto na kulia kwa zamu, maana ukimaliza upande mmoja wote dari nzima inahamia huko. Katika kazi yote hii, hapo ndipo nilipofurahi kuliko popote.

Gundi tukapaka kipande kwa kipande, tukifungua vibanio vichache na kuvirudisha. Usikate nyongeza siku hiyohiyo. Acha ilale, gari likae juani kesho yake, ndipo ukate. Mikunjo midogo iliyobaki juu ya kioo cha nyuma iliondolewa na jua la saa saba, milango imefungwa. Wenzetu wa nchi za baridi hutumia mashine ya mvuke kwa kazi hiyo.

Vioo vilirudi kwa raba mpya na kamba. Unaivalisha raba kwenye kioo, unazungusha kamba ndani ya mdomo wake, unapaka maji ya sabuni, mmoja anasukuma kwa nje na mwingine anavuta kamba kwa ndani, na mdomo wa raba unapanda juu ya bati huku ukiigandamiza dari. Tanga ni mji wa katani, lakini kwa hili nilitumia nailoni. Katani inakwaruza raba.

Kobe ni ya volti 6, na ukienda dukani kununua balbu ya taa ya dari utapewa ya volti 12 inayotoa wekundu hafifu tu. Ya volti 6 ilikuwemo ndani ya taa ya Soni, imefunikwa na kinyesi cha kuku, nzima. Nimeagiza za akiba kwa jamaa aliyeko Ujerumani.

Vipande vya dari kuukuu nilivinakili kwenye karatasi za mifuko ya saruji, na vipimo vya waya nimeviandika pembeni. Mwenye Beetle ya 1965 hadi 1967 aje achore vyake bila malipo, aje na kalamu na mkasi. Wa 1968 na kuendelea apime kwanza gari lake. Mwenye 1303, ile yenye kioo cha mbele kilichopinda, asijisumbue kupanda basi. Paa lake kwa mbele ni jingine, akatafute gofu lake.